Swali la Haji Zamiruddin

Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu. Haji Zamiruddin aliyatamka akiwa ameinama kando ya kaburi la binti yake, udongo mkononi, watu wote wakimngoja yeye, baba wa marehemu, atupe makonzi matatu na kusoma aya inayosomwa. Hakusoma. Alifumbua kiganja, udongo ukammwagikia miguuni, akasema:

"Mungu kanidhulumu."

Waliokuwa karibu walisikia. Mwadhini akavuta astaghfirullah ya haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Tufail, kaka wa mkewe, akamshika bega akamrudisha nyuma, na vijana wakaendelea kufukia. Nuzhat alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa tisa, na walimzika na mtoto wake tumboni.

Lau maneno yale yangemtoka mtu mwingine, pengine yangefukiwa palepale pamoja na maiti. Mfiwa husema mengi, na watu hujifanya viziwi. Lakini pale katika mji wa Kannauj, Bara Hindi, kwenye mtaa wa wavukiza marashi, hapakuwa na mtu ambaye Haji Zamiruddin hajapata kumsahihisha. Alikuwa anaweza kumsimamisha mzee wa watu hodhini, ndevu zinachuruzika maji, amwambie kiwiko chake cha kushoto kimebaki kikavu. Alimrudisha Kallan kinyozi kusali alasiri upya kwa sababu ya tone la damu kwenye mkono wa kanzu. Mjane wa mwuza mishumaa alihesabiwa eda yake mbele za watu, akaambiwa bado siku mbili. Yote aliyoyasema yalikuwa sahihi. Ndiyo maana walikuwa hawampendi, na walikuwa wameingoja siku kama ile kwa miaka mingi.

Siku ya tano baada ya mazishi alikwenda msikitini adhuhuri, akasimama safu ya mbele, mahali pake pa siku zote. Mtu wa kulia akasogea kidogo. Wa kushoto naye akasogea. Sala ikasaliwa na yeye amebaki peke yake katikati kama jino la mwisho kinywani. Walipotoa salamu, Kallan kinyozi akageuka.

"Haji, niwie radhi, mimi sikusoma. Nataka kujua tu. Mtu akisema Mungu ni dhalimu, udhu wake unabaki, au akatawadhe tena?"

Wengine wakakohoa ili wasicheke. Mmoja akashindwa, akacheka.

Zamiruddin alijua jibu, na halikuwa la udhu. Alinyanyuka, akavaa viatu, akaenda moja kwa moja madrasa kwa Mufti Irtiza, kwa sababu ndivyo alivyokuwa: akiona doa kwenye nguo ya mtu atalisema, na akiliona kwenye yake hawezi kulala nalo.

Mufti Irtiza alikuwa mtu mwembamba, macho yamekwisha kwa kusoma. Chumba chake kilijaa karatasi. Mtu huandika swali lake nusu ya juu ya karatasi, bila kutaja majina ya kweli. Mwanamume siku zote huitwa Zaid na mwanamke huitwa Hinda. Mufti huandika jibu nusu ya chini, akatia sahihi na muhuri. Ndoa, talaka, mirathi, panya aliyefia kisimani, yote yamepita kwenye karatasi hizo.

Zamiruddin aliandika swali lake palepale. Mufti akalisoma, akalisogeza karibu na macho, akalisoma tena.

"Haji," alisema, "mtu akipatwa na msiba kama wako akili huruka. Ulijua unalosema? Kama hukujua, andika kwamba hukujua. Nami nitajibu kwa hilo, na kesho tutakuwa tumesahau."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Alichotakiwa ni kuongeza mstari mmoja tu. Lakini Zamiruddin aliona akilini uso wa Kallan kinyozi, akaona watu wakiambiana kwamba Haji alirukwa na akili, na jambo hilo likamchoma kuliko lile la kwanza. Na isitoshe, alikuwa anajua. Alikuwa amekusudia.

"Nilijua," alisema.

Mufti aliilaza karatasi mbele yake. Kisha akachovya kalamu. Aliandika kwamba Zaid, katika sura hiyo iliyoulizwa, amemnasibishia Mola dhuluma kwa kujua na kwa hiari, na kwa hiyo ametoka katika imani. Atubie na atamke shahada upya. Hija yake imebatilika; akipata uwezo itamlazimu tena. Na ndoa yake imevunjika tangu saa ile aliyotamka, na hairudi ila kwa ndoa mpya, mashahidi wawili, mahari mapya, na ridhaa ya mwanamke.

"Kwa hiyo tangu Jumatatu nimekaa nyumba moja na mwanamke asiye wangu," alisema Zamiruddin.

"Hukujua."

"Sasa najua."

Alitamka shahada mbele ya wanafunzi wawili walioitwa kutoka darasani. Maneno aliyoyasema tangu anajua kusema yalimtoka kinywani mazito, kama ya lugha ngeni. Mmoja wa wale wanafunzi akasema "Mashallah," halafu akaona haya.

Nyumbani hakuingia chumbani. Alisimama uani. Khurshida, mkewe wa miaka thelathini na moja, alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua dengu kwenye sinia. Tangu msiba alikuwa hasemi isipokuwa pale panapolazimu. Zamiruddin akamweleza yote, kwa mpangilio, kama anavyoeleza mas'ala ya watu.

"Kwa hiyo mimi si mke wako," Khurshida alisema.

"Mpaka tufunge upya. Ijumaa baada ya sala Tufail atakuja na Mufti na mashahidi. Ni jambo la kitambo tu, mama Nuzhat. Ni utaratibu."

"Tangu lini?"

"Tangu makaburini."

Khurshida alitoa kijiwe kwenye dengu, akakiweka pembeni na vingine. "Basi usivuke kizingiti hiki," alisema. "Chakula chako utaletewa kiwandani."

Zamiruddin alipenda jibu lile. Mwanamke anajua mipaka, alijisemea, mimi ndiye niliyemfundisha.

Kiwanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba, banda la matofali lenye mitungi mikubwa ya shaba juu ya meko. Ulikuwa msimu wa waridi. Alfajiri wakulima walileta magunia ya maua, yakamiminwa kwenye mitungi pamoja na maji, vifuniko vikazibwa kwa udongo, na mvuke ukapita kwenye mianzi hadi kwenye mafuta ya msandali. Kazi hiyo haitaki maneno mengi. Mtu anachochea moto, anasikiliza mtungi, na kichwa chake kinabaki huru kwenda kinakotaka. Na kichwa cha Zamiruddin kilikwenda kulekule kila mara, kwenye ile alasiri, miezi miwili nyuma, alipofika Nuzhat.

Alikuja kwa miguu, peke yake, kutoka ng'ambo ya reli alikokuwa ameolewa na Abrar. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu amevishika mkononi. Shingoni upande mmoja palikuwa na alama ya vidole ambayo shungi halikuweza kuificha.

"Baba," alisema, "niache nijifungulie hapa. Nikishapona nitarudi mwenyewe, hutanisikia nalalamika. Kule wamenikataza daktari. Wanasema wake za watu wote wanavimba."

Mama yake alimlaza, akamkanda miguu kwa maji ya chumvi. Siku ya tatu, baba yake Abrar, mkwe wa Nuzhat, akaja kusali kwenye msikiti wao, jambo ambalo si kawaida yake. Baada ya sala akauliza kwa sauti, watu wote wakisikia:

"Haji, wewe ndiye mwalimu wetu. Hebu tufundishe. Mke akitoka kwa mumewe bila ruhusa, sheria yasemaje? Au hiyo ni kwa mabinti wa watu tu?"

Zamiruddin alirudi nyumbani mashavu yanawaka. Jioni ile akaandika swali kwa Mufti. Kesho yake jibu likaja: haimjuzii mke kutoka bila ruhusa ya mumewe pasipo dharura, na ni wajibu arejee. Akawasomea mama na binti jibu lile pale uani, neno kwa neno. "Si mimi, mwanangu," alimwambia Nuzhat. "Hii ni sheria ya Mungu. Ukiitii, Mungu atakufungulia." Akaita riksho, akampandisha, akakaa ubavuni mwake hadi mlangoni kwa Abrar.

Hivyo ndivyo alivyokumbuka. Nimetii, nikaahidi kwa jina Lake, na Yeye hakumfungulia. Ndiyo maana yale maneno mawili yalimtoka kaburini. Na hata sasa, ijapokuwa ametubia, kila anapochochea moto alikuwa anahisi kwamba kati yake na Mungu, si yeye aliyekosa kwanza.

Ijumaa walikuja. Mufti Irtiza, Tufail, na mashahidi wawili, mmoja wao mwadhini. Walitandika mkeka ukumbini. Khurshida alikaa chumbani, pazia la mlango limeshushwa. Tufail alikuwa ameleta tende kwenye karatasi, na alikuwa mchangamfu kidogo kupita kiasi, kama mtu anayetaka jambo liishe.

"Haya, bwana harusi," alimwambia Zamiruddin, "safari hii usitunyime pilau."

Mwadhini akacheka. Mufti akasoma hotuba fupi, kisha akageukia pazia.

"Khurshida binti Latifuddin. Zamiruddin bin Karamat anakuomba ndoa, kwa mahari yaliyotajwa. Umeridhia?"

Pazia halikutikisika. Zilipita pumzi kadhaa.

"Kanyamaza," alisema Tufail. "Kunyamaza ni kuridhia. Tuendelee, Mufti."

"Kunyamaza ni kwa mwanamwali," alisema Mufti. "Huyu ni mtu mzima aliyekwisha kuolewa. Lazima aseme."

"Dada," Tufail alinong'ona kwenye pazia, "sema ndiyo, tule tende."

"Mufti," ilikuja sauti ya Khurshida, na haikuwa ya kulia, "kabla sijajibu, mimi pia nina swali. Yaruhusiwa?"

"Uliza, mama."

"Hinda ana mimba ya miezi saba. Miguu imevimba, macho yanaona giza. Mumewe anamkaba shingo. Wamemkataza daktari. Kakimbilia kwa baba yake. Arudishwe?"

"Asirudishwe," alisema Mufti bila kusita. "Mwenye kuchelea nafsi yake ana haki ya kutoka. Na babake anapata dhambi akimrudisha. Nani kasema arudishwe?"

Mkono ukatokea chini ya pazia, umeshika karatasi iliyokunjwa. Zamiruddin aliitambua kabla haijafika sakafuni. Aliihifadhi kwenye rafu ya vitabu, ndani ya kitabu cha sala. Siku ile uani alisoma nusu ya chini tu.

Mufti aliifungua. Akaisogeza karibu na macho, akasoma kwa sauti kama ilivyo desturi yake, na alipofahamu anasoma nini alikuwa amekwisha kuanza:

"Binti wa Zaid, Hinda, naye ni mzima wa afya, ametoka kwa mumewe bila ruhusa kwa ajili ya ugomvi mdogo wa nyumbani. Je..."

Akaishusha karatasi. Mwadhini aliangalia tende. Tufail aliangalia uso wa Zamiruddin, akaona kwamba ni kweli, na uchangamfu wote ukamtoka.

"Haji," alisema Mufti polepole, "mwandiko ni wako."

"Ni wangu."

"Mzima wa afya?"

Zamiruddin alifungua kinywa. Alitaka kusema kwamba wanawake hukuza mambo. Alitaka kusema kwamba hakuwa daktari. Alichokisema ni hiki: "Watu walikuwa wananicheka."

"Nilimwosha mimi," alisema Khurshida nyuma ya pazia. "Ninyi mlimsalia, mimi nilimwosha. Upande wa kulia mara tatu, upande wa kushoto mara tatu, kama alivyotufundisha Haji. Kila nilipomimina maji niliona alama nyingine. Nikarudi ndani nikatafuta karatasi ile, nikasoma na juu. Mufti, na wewe hukuuliza. Binti wa watu anatoka kwa mumewe, hukuuliza kwa nini."

Mufti Irtiza alivua miwani. "Mimi hujibu nilichoulizwa," alisema, kisha akaonekana kuyasikia maneno yake mwenyewe. "Kweli, mama. Sikuuliza."

"Basi niandikieni jibu langu. Huyu bwana alisema Mungu kamdhulumu. Mmemtubisha, mmemaliza. Lakini ninachojua mimi, Mungu hakumpeleka Nuzhat kwa riksho. Aliyemshika mkono akampandisha ni yeye. Siridhii."

"Khurshida!" alisema Zamiruddin. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina. "Miaka thelathini na moja! Utakuwa mgeni wa nani? Watu watasemaje?"

"Mufti," alisema Khurshida, "mwambie huyu bwana nimekwisha kujibu."

Tende zilibaki kwenye mkeka. Tufail alizikusanya wakati wa kuondoka, akazikunja vizuri kwenye karatasi yake, akatoka nazo bila kumuaga shemeji yake ambaye sasa hakuwa shemeji.

Khurshida alikaa eda. Damu ilikuwa imeshamkatika, kwa hiyo ilikuwa miezi mitatu, na sheria inamweka mwanamke ndani ya nyumba aliyokuwamo. Zamiruddin akabaki kiwandani. Alimpelekea unga, mafuta na kuni kupitia kwa Tufail, kila kitu kwa kipimo chake, asipungukiwe. Alimpelekea na maneno. Kwanza maneno ya hasira, kisha ya sheria, kisha ya kuomba. Tufail alikuwa anarudi na jibu moja: "Dada anasema amekwisha kujibu."

Alikwenda ng'ambo ya reli, kwa baba yake Abrar. Hakujua anakwenda kufanya nini. Pengine kumkaba mtu. Mzee yule alimkaribisha chai.

"Tumekukosea nini sisi hata uje na uso huo?" aliuliza. "Sisi tuliuliza swali tu msikitini. Karatasi uliileta wewe. Mkeo tunakurudishia, ukasema, na sheria hii hapa. Si ulisema hivyo mlangoni kwangu?" Kwenye kamba ya nguo palikuwa na shuka jipya la harusi linakaushwa. Abrar alikuwa ameshaposa.

Chai ile Zamiruddin hakuinywa.

Msimu wa waridi ukaisha, ukaja wa maua mengine, mvua ikaanza. Siku moja alikwenda tena kwa Mufti. Hakuandika kitu. Alikaa mbele yake kwenye jamvi.

"Mufti, mimi nilitoka kwenye dini nikarudi. Si ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo."

"Na mtu akisilimu, yaliyopita yanafutwa. Hilo nalijua tangu utotoni. Ikiwa hija yangu imefutwa, na hili nalo si lifutwe?"

Mufti hakuigusa kalamu. Tangu ile Ijumaa alikuwa amepunguza kuandika. Watu walilalamika kwamba siku hizi anauliza maswali mengi kuliko muulizaji.

"Haki ya Mungu, Yeye huisamehe," alisema hatimaye. "Haki ya mja haifutwi kwa shahada. Mpaka mwenyewe akuwie radhi."

"Mwenyewe amekufa."

"Ndiyo," alisema Mufti.

Nje wanafunzi walikuwa wanakariri kwa sauti moja. Zamiruddin alingoja Mufti aongeze neno, kwa sababu siku zote katika vitabu baada ya hukumu huwa kuna "isipokuwa". Mufti naye alionekana kulitafuta. Hakulipata, na hakumdanganya.

Eda iliisha siku ya Jumapili. Tufail alikuja asubuhi na mkokoteni, akapakia sanduku moja la bati, godoro, na cherehani. Zamiruddin alikuwa ameoga, amevaa kanzu safi. Alisimama kwenye kichochoro baina ya kiwanda na nyumba. Alikuwa ametunga maneno wiki nzima, akayapunguza, akayapunguza tena, hadi yakabaki machache ambayo hayakuwa na hoja ndani yake: nilijua ni mgonjwa, nilijua, nikaandika mzima.

Mlango ukafunguliwa. Khurshida alitoka, uso wazi, kama alivyotoka mlango ule kila siku tangu ni bibi harusi. Alipoinua macho akamwona amesimama pale, alisita. Kisha akashika upindo wa shungi lake, akauvuta taratibu, akaufunika uso wake wote mbele yake, kama mwanamke anavyojifunika mbele ya mwanamume yeyote wa njiani.

Zamiruddin alisahau yale maneno. Kilichomjia kinywani ni kile ambacho mtu humwambia mpita njia.

"Asalaam aleikum," alisema.

Kuitikia salamu ni wajibu. Khurshida aliitikia, kwa sauti ya chini, kikamilifu, bila kuongeza hata neno moja. Zamiruddin akabana mgongo ukutani ili ampishe, maana kichochoro kilikuwa chembamba na haikufaa nguo zao zigusane. Tufail akasukuma mkokoteni, magurudumu yakagonga mawe, wakaelekea barabarani, na yeye akabaki pale ukutani mpaka mtu wa kuni akaja akamwomba apishe njia.